Kuomba Faili

Nimepanda ngazi za zahanati hii mara saba,
ngazi zilizochongwa kwenye jabali, hakuna mbili zinazolingana,
na mara zote saba nilikuwa na la kusema
nikateremka nalo.

Leo nimeliandika kiganjani kwa kalamu ya bluu:
NAOMBA FAILI LANGU.
Nimeandika kwa sababu nasahau. Ndicho kilichonileta hapa.

Dk. Kajuna si mtu mbaya. Niseme hilo kwanza.
Ndiye aliyenipa jina la herufi nne
nikiwa na miaka thelathini na saba,
nikalia njia nzima hadi Mabatini, kilio cha furaha,
kwamba kumbe si uvivu, wala si jini la upande wa mama;
sufuria zote zile zilizoungua zilikuwa na sababu.

Kisha vidonge.
Mwezi wa kwanza nilisahihisha madaftari ya kidato cha pili
yote, kwa kikao kimoja, mpaka alama ya mwisho,
na hakuna aliyeniona nikicheka.
Mwezi wa pili sato wa kukaanga akawa kadibodi mdomoni.
Saa nane usiku moyo ulinguruma kama injini ya boti
iliyofungwa gatini, na mtu kasahau kuizima.

Nikafundisha mvua za ziwani:
hewa ya moto hupanda, hupoa, hunyesha. Basi.
Zamani ningevuka hadi Ukerewe, nipitie kwa bibi
aliyeanika mhogo juu ya jiwe akiyapima mawingu kwa jicho moja,
nirudi kengele imeshagonga, nao wameelewa.
Ndalahwa wa dawati la nyuma akauliza taratibu:
"Mwalimu, unaumwa?"

Hayo yote nilimpelekea daktari, nusu nusu.
Aliandika bila kuinua macho.
"Utazoea."
Mara ya tatu, "Utazoea," akaongeza miligramu.
Mara ya tano nikasema moyo, akasema chai.
Chai nikaiacha.
Moyo haukupata habari.

Nyumbani Lugembe akanikumbusha: mchagua jembe si mkulima.
Siku mbili methali hiyo ilinizunguka
kama wadudu wa ziwa kwenye taa ya kibarazani.
Siku ya tatu nikamjibu, nikiwa nakuna nazi:
kamuulize mwenye malengelenge kama anachagua.
Akaichukua mbuzi, akaendelea kukuna yeye.

"Daktari anajua?" anauliza binti wa mapokezi.
Nitamwambia mwenyewe.
Nikaingia. Nikasoma kiganja.
Akainua macho, mara ya kwanza, macho ya mtu aliyechoka
foleni ya watu arobaini kila siku.
"Nimekukosea?"
Nilikuwa nimetunza hasira ya safari saba.
Nikaitafuta, nikakuta imebaki kidogo tu.
"Hukunisikia," nikasema.
Akatia sahihi.

Nilifungua faili pale pale kwenye ngazi.
Kurasa saba. Hakuna sato, hakuna saa nane usiku.
Kila ukurasa, mwandiko uleule unaokimbia:
*Anaendelea vizuri.*

Dk. Nyamizi yuko Pasiansi, nyuma ya duka la nyavu.
Alinipima presha mara mbili, ya pili baada ya kimya.
Kisha akaweka kalamu chini:
"Dawa itakuondolea vitu. Unataka kipi kibaki?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.
Nikaanza na mawingu, nikafika kwa bibi,
nikapotelea kwenye mhogo, na yeye akanifuata,
hata akauliza kama ulikuwa mchungu.

Akabadilisha aina, akaanza na kidogo.
"Wiki tatu. Ikikushinda, usingoje mara saba."
Sijui kama itafaa. Hata yeye alisema hajui,
na kutojua kwake kulinituliza kuliko "utazoea" zote.

Jasho lilikuwa limefuta wino. Nikaandika upya: WIKI TATU.
Nilipofika barabarani mvua ilianza,
na mwavuli nimeuacha kwake.

Nikarudi.
Ngazi zake ni nne tu.